Mhariri, hili neno "hadi" linatuumiza sisi tunaofanya kazi mtandaoni tukiwa kijijini

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua barua yangu ni ndefu ila naomba usiikate sana manake hili jambo nimekaa nalo kifuani muda mrefu na najua siko peke yangu.

Mimi nahariri sauti na video, natengeneza masomo ya kurekodi kwa ajili ya wanafunzi wanaosoma wakiwa mbali, kazi yote inafanyika kwenye laptopu na wenzangu kila mtu yuko kwake. Nilihama mjini nikarudi nyumbani kijijini kwa sababu wazazi wamezeeka, wanahitaji mtu karibu, na kazi yangu haidai niwe mahali fulani, inadai intaneti tu. Kabla sijahama niliuliza kabisa. Nikaambiwa eneo lote lina 4G, nikaonyeshwa ramani imepakwa rangi kijiji kizima, na tangazo likasema spidi "hadi" megabiti kadhaa wa kadhaa kwa sekunde. Nikaamini, nikafungasha vitu vyangu nikaja.

Jumatatu ya kwanza tulikuwa na mkutano wa video na mteja saa tatu asubuhi. Mimi nawasikia wote vizuri kabisa, picha zao safi, nikaanza kueleza kazi nilipoifikisha, nimeongea kama dakika nne nzima, alafu naona ujumbe unaingia pembeni: "dada umeganda, tangu umeanza hatujasikia hata neno moja". Nikarudia, nikaganda tena. Nikazima kamera ili ibaki sauti peke yake, sauti nayo ikawa inapita vipande vipande, wao wanasikia "nime... file... kesho...". Mteja akasema tuahirishe. Mhariri, yule mteja hakunigombeza wala nini, ila wiki iliyofuata kazi kubwa alimpa mtu mwingine na mi nilielewa kwanini.

Kilichonichanganya ni kwamba simu ilikuwa inaonyesha vijiti vinne, vinne kati ya vitano. Nimekuja kuuliza mafundi na kusoma ndo nikaelewa, vile vijiti vinakwambia wewe unausikia mnara kiasi gani, havikwambii mnara unakusikia wewe kiasi gani. Mnara unarusha mawimbi kwa makumi ya wati, simu yako au ruta yako ya 4G inarusha kwa wati 0.2 tu, hicho ndo kiwango cha juu cha kawaida. Ni sawa na mtu aliyeko kilimani ana kipaza sauti na wewe uko bondeni unamjibu kwa mdomo mtupu, wewe utamsikia sana tu lakini yeye atashika neno moja moja. Ukikaa karibu na mnara hiyo tofauti haikusumbui, ukikaa kilomita kadhaa na miti katikati ndo inakumaliza. Na kuna mitandao imepangwa hivyo, sehemu kubwa ya njia imetengwa kwa ajili ya kushusha vitu kutoka mtandaoni kwa sababu watu wengi wanaangalia na kusoma, kidogo ndo imebaki ya kupandisha, yaani kutuma. Sasa mtu anayefanya kazi anapandisha muda wote, sura yake kwenye mkutano anaipandisha, sauti anaipandisha, faili la kazi analipandisha. Lakini tangazo linataja kushusha tu. Hebu tafuta tangazo linalotaja spidi ya kupandisha kwa maandishi yanayosomeka, mi nimetafuta sijaona.

Alafu kuna hesabu inayowapoteza wengi, megabiti sio megabaiti, baiti 1 ni biti 8. Faili la gigabaiti 1 ni kama megabiti 8,000, ukiwa na spidi ya kupandisha ya megabiti 1 kwa sekunde hiyo ni sekunde 8,000, zaidi ya saa mbili, na hapo isikatike hata mara moja manake kuna mifumo ikikatika inaanza upya. Ukiwa na megabiti 10 faili hilo hilo linapanda kwa dakika 13 na kitu. Na mkutano wa video wenye picha nzuri unataka kama megabiti 3 mpaka 4 kila upande, kwenda na kurudi. Kwahiyo unaona, mtu hahitaji mamia ya megabiti kufanya kazi yake kijijini, anahitaji hizo chache lakini ziwepo kweli, saa tatu asubuhi ziwepo, saa kumi jioni ziwepo, mvua ikinyesha ziwepo.

Nilihangaika Mhariri. Kuna siku mbili mfululizo nilikuwa juu ya ngazi nimeshika ruta mkononi imeunganishwa na waya mrefu wa umeme, mdogo wangu yuko chini na simu anasoma namba za mawimbi kwenye ukurasa wa mipangilio wa ruta, zile zina alama ya kutoa mbele na kadri inavyosogea kwenye sifuri ndo mawimbi yana nguvu zaidi. Ndani ya nyumba chini ya bati ilikuwa kutoa 112. Nikatoka nje kwenye ukuta wa nyuma ikawa kutoa 106. Nikapanda kwenye pembe ya paa upande wa mnara, "dada sogea kushoto... mia moja na tatu... kidogo tena... tisini na nane, hapo hapo usitingishike!" Kutoka 112 mpaka 98 unaweza kuona ni namba 14 tu lakini hizo ni desibeli, kipimo cha nguvu ya mawimbi, kila 10 ni mara kumi na kila 3 ni mara mbili, kwahiyo nilikuwa nimepata mawimbi yenye nguvu mara 25 ya yale ya mezani kwangu, nyumba ile ile, mnara ule ule. Bati linazuia mawimbi vibaya sana na hakuna aliyeniambia.

Fundi wa kwanza akaniwekea antena pale juu alafu akateremsha waya mwembamba mita 15 mpaka kwenye ruta mezani, faida yote tuliyoipata kwenye ngazi ikaishia ndani ya ule waya. Fundi wa pili ndo aliweka ruta ya nje kabisa, inakaa kule juu yenyewe na antena zake, inateremsha kebo ya mtandao ya kawaida ambayo inafika mita 100 bila shida, na umeme wake unapanda humo humo kwenye kebo. Spidi ya kupandisha ikatoka kwenye nusu megabiti ikaenda mpaka 6 na 7. Nilikaa nikaangalia ile namba nikatokwa na machozi kwakweli.

Lakini hiyo ni asubuhi. Ikifika saa moja jioni mpaka saa nne usiku, inashuka, kuna siku inashuka mpaka hakuna kitu. Wenzangu wa timu wengi wako nchi ambazo jioni yangu ndo mchana wao kwahiyo mikutano mingi inaangukia hapo hapo. Sababu inajulikana, kila upande wa mnara una uwezo wake maalum na watu wote walioko upande huo wanagawana, na huku vijijini minara mingi inatumia masafa (frikwensi) ya chini kama megahezi 700 au 800 kwa sababu yanafika mbali na yanapenya ukutani, ila njia yake huwa nyembamba, haibebi vitu vingi kama masafa ya juu ya mijini. Watu wakirudi nyumbani wote wakawasha simu, kila mmoja anapata kipande. Sio kosa la jirani yangu kuangalia mpira, amelipia kama mimi. Kosa ni la yule aliyeuza spidi ya saa nane usiku kama vile ndo spidi ya siku nzima.

Na hapa naomba niwaambie wasomaji kitu ambacho kilinigharimu kazi ya pili. Niliposhauriwa nisitegemee laini moja nikanunua laini ya kampuni nyingine, nikaona sasa niko salama, moja ikikatika nahamia nyingine. Siku moja nikiwa katikati ya kupandisha somo la mwisho la kozi nzima, laini ya kwanza ikafa, nikahamia ya pili, nayo imekufa. Masaa matano mazima. Kumbe kampuni zote mbili zimefunga vifaa vyao kwenye mnara mmoja, umeme mmoja, jenereta moja, na mnara wenyewe unapokea mtandao kutoka mnara mwingine kwa mawimbi, na huo nao unapokea kutoka mwingine, mpaka ufike mahali penye faiba, ile kebo inayobeba intaneti kwa mwanga. Mmoja kwenye huo mnyororo ukizima wote mlioko mbele yake mnazimika. Kugawana mnara sio vibaya, kunapunguza gharama na ndo maana huku tumefikiwa. Lakini mteja unaweza kuwa na laini mbili ukawa na njia moja tu bila kujua. Ukitaka njia mbili kweli basi ziwe za aina mbili, moja ya mnara na nyingine ya setilaiti au faiba au mnara wa upande mwingine kabisa. Uliza kabla ya kununua, laini hii inatokea mnara upi.

Ndani ya nyumba nako nilikuwa nalaumu kampuni kwa mambo mengine ambayo yalikuwa ya kwangu, lazima niseme ukweli. Mdogo wangu akianza kupandisha picha zake tu mkutano wangu unakufa, nikadhani bando limepunguzwa. Kumbe ni foleni ndani ya ruta, ruta inapokea vitu vingi kuliko inavyoweza kutoa inavipanga mstari mrefu na sauti yangu inakaa nyuma ya mapicha mia mbili ikisubiri. Kuna ruta zina mpangilio wa kugawa zamu, programu ya bure ya kuendesha ruta iitwayo OpenWrt inao unaitwa SQM, unaipa spidi iliyo chini kidogo ya ile unayopata kweli alafu inahakikisha kila mtu anapita kwa zamu, na vitu vidogo kama sauti havikwami. Toka niweke hiyo hatujagombana. Laptopu ya kazi nimeichomeka kwa kebo nikaachana na waifai, na ruta nimeiwekea betri ya volti 12 manake umeme ukikatika sekunde tatu tu ruta inachukua dakika kadhaa kuamka na hizo dakika mteja hakusubiri.

Wengine wataniambia setilaiti ndo jibu, tuache minara. Nimetumia ya jirani kwa wiki mbili na nakubali imebadilisha mambo. Zile setilaiti za zamani ziko kilomita 35,786 juu, sauti yako inapanda inashuka, jibu linapanda linashuka, hata mwanga wenyewe unachukua karibu nusu sekunde kwa safari yote na ukijumlisha mitambo inafika milisekunde 600 hivi, yaani zaidi ya nusu sekunde, mnaongea mnagongana kila saa. Hizi mpya kama za Starlink ziko kama kilomita 550 tu na ucheleweshaji wake unakuwa makumi ya milisekunde, unaongea na mtu kama yuko chumba cha pili. Lakini inataka anga wazi, tawi moja la mti likikaa njiani unakatika sekunde mbili tatu kila baada ya muda na kwa mtu anayeangalia filamu hiyo haionekani ila kwenye mkutano inaonekana, mvua kubwa inaipunguza, dishi linakula makumi ya wati usiku na mchana, na uwezo wake pia unagawanywa kwa watu wa eneo moja, tukijaa itakuwa yale yale ya jioni. Kwahiyo hata huko swali langu ni lile lile, niambie nitapata nini saa mbili usiku.

Na Mhariri, hili nisemalo sio ndoto, kuna walikofanya. Uingereza kampuni za intaneti zilikuwa zinaruhusiwa kutangaza "hadi" spidi fulani ilimradi asilimia 10 ya wateja wanaipata, yaani watu tisa kati ya kumi wanaweza wasiione maisha yao yote na tangazo likawa halali. Mwezi wa tano 2018 wakabadilisha kanuni, spidi ya kwenye tangazo iwe inapatikana kwa angalau nusu ya wateja, na ipimwe saa mbili mpaka saa nne usiku ambapo watu wote wako mtandaoni. Marekani nao toka mwezi wa nne 2024 kampuni kubwa zinalazimika kuweka lebo kwa kila kifurushi, kama ile ya nyuma ya pakiti ya chakula, spidi ya kawaida ya kushusha, spidi ya kawaida ya kupandisha, ucheleweshaji kwa milisekunde, na bei yote bila kuficha, na kampuni ndogo zikafuata mwezi wa kumi mwaka huo huo. Mwaka huo huo pia walipandisha kipimo cha kinachostahili kuitwa intaneti ya kasi, kutoka megabiti 25 za kushusha na 3 za kupandisha ikawa 100 na 20. Angalia hapo, namba ya kupandisha imo. Finland ndo walitangulia kitambo, mwaka 2010 wakaweka kwenye sheria kwamba kila mkazi ana haki ya kupata laini ya angalau megabiti 1, hata akae msituni.

Kuna na vijiji ambavyo vilichoka kusubiri vikajifanyia. Kule Katalunya, Hispania, mwaka 2004 watu wa mashambani walianza kuunganisha nyumba kwa nyumba kwa antena zao wenyewe, ndo ikazaliwa Guifi.net, na imekuwa moja ya mitandao mikubwa ya jamii duniani. Kaskazini ya Uingereza kuna mtandao wa jamii unaoitwa B4RN, wanakijiji na wakulima walichimba mitaro wenyewe kupitia mashamba yao, wenye ardhi wakaruhusu faiba ipite bure, wakalaza kebo na sasa nyumba za mashambani zinapata gigabiti 1 (megabiti 1,000) kushusha na gigabiti 1 kupandisha. Nimeliwaza sana hili. Mtaro ndo gharama kubwa ya faiba, kebo yenyewe sio, na mtaro watu wa kijiji wakikubaliana wanaweza kuuchimba. Ila wanahitaji mahali pa kuunganisha upande wa pili, na hapo ndo kampuni na mamlaka zinaingia, faiba nyingi zinapita pembeni ya barabara kuu kilomita chache tu kutoka vijijini na hakuna mlango wa kutokea.

Shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, lilisema mwaka 2024 asilimia 83 ya wakazi wa mijini duniani walikuwa wanatumia intaneti, vijijini ilikuwa asilimia 48. Na hapo wanahesabu mtu aliyetumia tu, hata kama alifungua ujumbe mmoja. Hawajahesabu anayeweza kukaa masaa manane akafanya kazi bila kukatika. Tukipimwa kwa hicho kipimo sijui tungebaki wangapi.

Kwahiyo ninachoomba kwa mamlaka zinazosimamia mawasiliano, na nakuomba Mhariri waandishi wako walifuatilie, ni jambo dogo ambalo halihitaji kujenga mnara hata mmoja. Pale penye neno "hadi" ziwekwe namba tatu, spidi ya kushusha saa mbili usiku, spidi ya kupandisha saa hiyo hiyo, na ucheleweshaji kwa milisekunde, na ziwe za mnara ule ninaotumia mimi, sio wastani wa nchi. Kampuni hazianzi na sifuri, mitambo yao inarekodi hali ya kila mnara. Na mnara ukizima, ijulikane umezima saa ngapi na umekaa masaa mangapi, kwa maandishi, ili mtu aliyepoteza kazi awe na cha kumwonyesha mteja wake. Mi nilipopiga simu siku ile ya masaa matano niliambiwa "kwenye mfumo wetu hakuna tatizo eneo lako", nimekaa na laini mbili zimekufa mkononi naambiwa hakuna tatizo.

Na wewe msomaji unayefikiria kurudi nyumbani ukafanye kazi kutokea huko, usiangalie ramani iliyopakwa rangi. Nenda kaa siku tatu nne, pima asubuhi, pima saa mbili usiku, pima mvua ikinyesha, angalia namba ya kupandisha kabla ya kushusha, alafu piga simu ya video ya nusu saa na rafiki yako umuulize yeye anakuonaje, usijiulize mwenyewe unamwonaje.

Mdogo wangu anamaliza masomo mwaka huu na ameshaniambia hataki kwenda mjini, anataka abaki hapa hapa na wazazi afanye kazi kama yangu. Nimemwambia asubiri kwanza, nimeandika barua, tuone watajibu nini.

Msomaji wenu,
Mhariri wa video, kijijini